Pua ya Boneti

Liliniishia Usagara, Jumanne, saa saba mchana,
gari limejaa mitihani ya kidato cha pili.
Kwanza mlio: nyundo ndogo, ndani, haraka haraka,
kama mtu aliyefungiwa kabatini.
Kisha moshi. Kisha mimi kando ya lami
na karatasi mia na arobaini za hesabu,
tunangoja lori la dagaa lenye huruma.

"Imenoki," alisema Lubango pale Nyakato,
na boneti hata hajaigusa.

Wiki mbili nimelala na injini, nimeamka na injini.
Shemeji: rudisha ya tabo,
Subaru bila tabo ni pilau bila nyama.
Mkuu wa shule: uza chuma kwa kilo, upande bajaji.
Mama, kwa simu, kutoka Magu: "Tabo ndiyo nini?"
Nikamweleza: moshi unaotoka unazungusha feni,
feni inasukuma hewa inayoingia.
Akanyamaza. Nikasikia mbuzi wake.
"Kwa hiyo linakula pumzi yake lenyewe."
Ndiyo, mama.
"Basi halitazeeka vizuri."

Mabatini, stoo ya Kishamuli,
injini zimekalishwa juu ya matairi kama wagonjwa wa zamu,
bei zimeandikwa ubavuni kwa chaki.
"Hii, mwalimu, ilikuwa ya bibi kizee wa Japani,
akienda nayo sokoni tu."
Na ile pale?
"Ya dada yake."

Lubango hakucheka. Alilala chali kwenye boksi,
akalegeza nati, akakinga oili kwa kiganja,
akanionyesha juani: vimeta, vimeta.
"Ingekuwa mchanga wa Geita tungechinja.
Hapa ni beringi inasagika."

Ya dada mtu akaipima silinda moja moja.
Mia na arobaini. Mia na arobaini na tano.
Tisini. Mia na arobaini.
Ninaijua hiyo tisini, ninaisahihisha kila muhula:
mtoto wa dawati la nyuma anayekuja hajala.
Wenzake watamvuta, lakini hadi lini?

Ya tatu ilikuwa pembeni, haina tabo,
haina bibi, haina hadithi.
Mia na sabini, zote nne.
"Itaingia," Lubango akasema, "ila na waya zake,
kompyuta yake, na bomba nilichonge upya.
Na usinipigie simu ukipitwa na bodaboda."

Nilisimama pale na milioni tatu na laki mbili,
nusu yake ya kikoba.
Si kwamba sikuipenda ile nyingine.
Ule ukimya mfupi ukikanyaga mafuta,
halafu mkono wa mtu asiyeonekana mgongoni.
Usiku ule nilipompakia Kabula, chupa imepasuka,
Nyegezi hadi Bugando kwa dakika kumi na moja,
kile kilima tulikipanda kana kwamba kinashuka.
Mtoto sasa ana miaka minne, ananirushia mawe.

Nikanunua ya tatu.

Sasa Bugando napanda kwa gia ya pili,
muuza karanga ananipungia, namjibu kwa utulivu,
tuna muda wa kuulizana habari za nyumbani.
Haichemshi. Haili oili. Sina la kuisimulia,
na shemeji hanipigii tena simu.

Lililobaki ni lile tundu juu ya boneti,
pua iliyokuwa ikivuta hewa ya kupoza tabo.
Chini yake sasa hakuna kitu.
"Niizibe?" Lubango aliuliza, bati mkononi.
Nikasema iache.

Jioni wadudu wa ziwani wanapopanda kutoka majini
kama kijiji kizima kinaungua huko mbali,
wanaingia humo kwa maelfu, wanafia humo.
Jumamosi nafungua, nazoa kwa kata.
Kuku wa Kabula wameshaijua siku.